Mpe mwingine alisome kwa sauti: jibu kwa mtunzi wa Kisumu

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Kibuye hapa Kisumu. Nimekuwa nikiandika mashairi kwenye daftari tangu nikiwa shuleni, lakini sikuwahi kumwonyesha mtu. Mwezi uliopita rafiki yangu alinipeleka kwenye kikao cha waandishi wanaokutana Jumamosi alasiri, nikawasomea shairi langu. Ubeti wa kwanza ni huu:

Nina yangu cherehani, hiyo ndiyo yanilisha,
Naiweka kibandani, na kutwa naizungusha,
Wateja waje foleni, niwashonee kwa pesa,
Sindano yangu mkononi, ndiyo inanipa maisha.

Wengi walipiga makofi wakisema "hongera malenga". Kisha mzee mmoja akasema hilo si shairi, mizani imepungua. Kijana mmoja naye akasema neno "pesa" halina heshima ya ushairi, afadhali niandike "niwashonee bashasha". Dada mwingine aliniuliza kwa nini nisitunge kwa Dholuo. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, na tangu siku hiyo sijaandika kitu. Muda ninao, maana kazi siku hizi ni kubadilisha zipu na kupunguza nguo za mitumba tu, ila moyo sina. Je, nirudi kwenye kikao? Nibadilishe kila walichosema? Na nikiendelea kuwasomea, hawawezi kuniibia?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Kabla ya kukujibu nilimpa binti wa jirani yangu hapa Nakuru ubeti wako ausome kwa sauti, bila kumwambia ni wa nani wala umesemwa nini. Mishororo mitatu ya kwanza ilimtoka bila shida. Alipofika wa nne akakwama kwenye "mkononi", akarudi nyuma, akaanza tena kwa haraka, kisha akakwama kwenye "inanipa". Sikumwuliza anaonaje. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Sasa tumrudie mzee wa kikao chenu, aliyesema mizani, yaani hesabu ya silabi, imepungua. Hesabu nami kwa vidole. Ni-na-ya-ngu-che-re-ha-ni: nane. Hi-yo-ndi-yo-ya-ni-li-sha: nane. Mshororo wa pili ni nane kwa nane, na wa tatu vilevile. Wa nne: si-nda-no-ya-ngu-m-ko-no-ni, tisa. Ndi-yo-i-na-ni-pa-ma-i-sha, tisa. Mshororo mzima una mizani 18 mahali pa 16. Mizani haikupungua hata kidogo, imezidi. Sikio la mzee halikumdanganya. Alisikia kuwa mshororo umeyumba. Alichokosea ni maelezo. Ungemwamini neno kwa neno, ungekwenda nyumbani kuongeza silabi na kuuharibu ubeti zaidi. Ungempuuza kwa kuwa maelezo yake si sahihi, ungebaki na mshororo unaomkwamisha kila anayeusoma.

Jibu langu lote liko hapo, na yatakayofuata ni kulifafanua tu. Msomaji akikuambia ni wapi alipokwama, mwamini. Akikuambia ni kwa nini, msikilize, kisha uchunguze mwenyewe. Akikuambia uandike nini badala yake, mshukuru. Wewe jambo hili unalijua kibandani kwako. Mteja akirudisha gauni na kusema linambana kwapani, basi linambana. Huwezi kubishana na kwapa la mtu. Lakini akikwambia "kata hapa", hukati alipoonyesha kidole. Unachukua futi kwanza, unapima.

Kosa la "mkononi" ni la wengi, na nitakuambia linatoka wapi. Hiyo "m" ya mwanzo ni silabi kamili, inachukua mizani yake peke yake: m-tu, m-ti, m-ke-ka, m-ko-no. Tofauti ni pale "m" au "n" inapoungana na konsonanti nyingine katika neno refu kama mba-li au mbe-gu, ndu-gu au ngo-ma, ambapo sauti hizo hutamkwa pamoja. Mwa-na na mwe-zi ni silabi mbili mbili. Maneno mafupi kama nchi na mbwa huhesabiwa mbili, n-chi, m-bwa. Irabu zikifuatana kila moja ina hesabu yake, ndiyo maana "maisha" ni tatu na "taa" ni mbili. Haya yote yamo katika vitabu vya shule na huenda unayakumbuka. Shida ni kwamba mtunzi anapojisomea mwenyewe, tayari ana mdundo kichwani, na ulimi wake huimeza ile "m" ili mdundo usikatike. Wewe hutaisikia kamwe. Atakayeisikia ni mtu ambaye hajawahi kuliona shairi lako, na ndiyo sababu nasisitiza umpe mwingine alisome kwa sauti huku wewe ukifuata kwenye karatasi na kalamu yako. Popote atakaposita, weka alama. Usimsahihishe.

Tena dawa unayo mkononi. Katika mshororo wa kwanza umeandika "yanilisha", hukuandika "inanilisha". Kwa nini basi katika wa nne uandike "inanipa" badala ya "yanipa"? Ukisema "Sindano i mkononi, ndiyo yanipa maisha", umepata nane kwa nane. Hiyo "i" ni matumizi ya kale, maana yake sindano iko mkononi, na ushairi bado unaipokea. Nimeuandika hivyo kukuonyesha hesabu tu; sipendekezi ubaki nao, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Lipo kosa la pili ambalo hakuna aliyelitaja, na mimi limenivutia kuliko la mizani. Tazama vina vyako vya mwisho: yanilisha, naizungusha, pesa, maisha. Kina cha -sha kimevunjwa na -sa. Kikao kizima kilipiga makofi, na hata mzee mwenye vidole vya kuhesabu hakulisikia. Nadhani najua sababu. Dholuo haina sauti ya "sh", na mtu aliyelelewa kwa lugha hiyo mara nyingi husema "samba" akimaanisha shamba. Kinywani mwake "pesa" na "maisha" vina kina kimoja, bila ubishi. Kama wengi kikaoni mmetoka katika nyumba za aina hiyo, basi kwa masikio yenu ubeti ulikuwa mzima.

Usione haya kwa hilo. Huku kwetu Nakuru mtunzi wa Kigikuyu atachanganya -la na -ra katika ubeti mmoja, na ukumbi uliojaa Wagikuyu utamwitikia kibwagizo kwa furaha. Nenda Bungoma kwa Wabukusu utakuta k na g, t na d zikibadilishana viti. Ninachokushauri ni chepesi: miongoni mwa wasomaji wako wa kwanza, awemo angalau mmoja ambaye lugha yake ya nyumbani si yako. Kibuye hukosi Mluhya, Mkisii au Mnubi wa kumkatiza dakika mbili. Watu wa kabila moja na mtaa mmoja wakikaa kusahihishana, hawawezi kuyasikia makosa ambayo wote wanayo.

Sasa yule kijana wa "bashasha". Ona alivyofanana na mzee: amegusa mahali penye kosa kweli, halafu sababu aliyotoa haina msingi. Pesa ina heshima tele katika ushairi wa Kiswahili. Biashara, deni na umaskini vimeimbwa tangu zamani, na ushairi haukuchafuka. Alihisi kuna kitu kimekwaruza katika neno hilo, hakujua ni kina, akalitafutia kosa la adabu. Dawa yake inatosha kwa vidole, ni-wa-sho-ne-e-ba-sha-sha ni nane na kina kimekaa. Lakini wewe hushoni bashasha. Hakuna fundi anayeshona bashasha. Hiyo ni kulazimisha kina, na mtunzi mwenzako ambaye daima ana kina tayari mfukoni ni mtu wa kumwogopa kidogo, kwa kuwa atakupa ubeti ulionyooka usio na kitu ndani. Namwelewa, ni kijana, na vina vina utamu wake.

Na hapa ndipo naona kikao kilikukosea, ingawa hakikukusudia. Wote walishughulika na vidole na maneno, hakuna hata mmoja aliyekuuliza kama unayosema ni kweli. Wateja wanakuja foleni? Katika barua yako umeniandikia kwamba kazi siku hizi ni kubadilisha zipu na kupunguza nguo za mitumba. Mbona hayo hayamo? Foleni ya wateja umeikuta katika mashairi ya mtihani ya kusifu kazi, ukaichukua kwa kuwa ilikuwa karibu. Fundi aliyesomea kukata gauni zima, ambaye sasa anaishi kwa kurekebisha gauni lililoshonwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua: hilo ni shairi, na limo katika sentensi moja ya barua yako uliyoiandika bila kujali. Sitakuandikia mshororo, maana ningekuwa kijana wa bashasha. Nitakukumbusha tu kwamba "zipu" ni silabi mbili, "mitumba" ni tatu, na vitenzi vya -sha havijaisha: chosha, tosha, kesha, pitisha, bakisha. Keti navyo.

Halafu kuna sindano. Niliahidi kuifikia. Mpelekee ubeti huu fundi mwenzako, hata kama hajawahi kusoma shairi tangu atoke shuleni. Naamini atakuuliza jambo moja: unashona kwa cherehani au kwa mkono? Sindano ya cherehani iko kwenye mashine. Sindano ya mkononi ni ya vifungo na upindo. Ubeti umeanza na mashine inayozungushwa kutwa, ukaishia na sindano mkononi, na hatujaambiwa imekuwaje. Huenda ina maana yake. Huenda kazi ya mashine imepungua ndiyo maana mkono umerudi kushika sindano, na hapo mshororo wa nne ungekuwa ndio moyo wa shairi. Lakini sasa hivi inaonekana umeiweka sindano kwa kuwa washairi hupenda sindano. Kama mshororo huo ndio kibwagizo unachokirudia katika kila ubeti, basi kosa hilo linarudi nawe kila ubeti unapokwisha. Mshairi huenda asilione. Fundi ataliona kabla hujamaliza kusoma. Ndiyo maana kati ya wasomaji wako nataka awemo mtu anayeijua kazi unayoiandika, hata kama ushairi haujui.

Makofi je? Makofi ni mazuri, usiyadharau, na watu wa Kisumu hawajui kusikiliza wakiwa kimya. Ila hayakufundishi kitu. Aliyekupongeza ukikutana naye Jumatatu, mwulize bila kumpa karatasi: ni mshororo gani umebaki kichwani? Akikupa mmoja, hata kama amekosea neno, shikilia huo, una uhai. Akicheka na kusema "yote ilikuwa poa", makofi yalikuwa ya heshima. Kipimo hiki ni cha zamani kuliko sote. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mashairi yake mengi tunayo leo kwa sababu watu waliyakumbuka na kuyasema hadi walipotokea wa kuyakusanya. Diwani yake ilikuja kuchapwa 1940. Vichwa vya watu vilikuwa vimekwisha kuchuja kabla ya mhariri yeyote.

Nimemtaja Muyaka kwa sababu nyingine pia. Zama zake ushairi ulikuwa majibizano. Mtunzi wa Mombasa alirusha shairi, wa Lamu akalijibu, na jibu lilikuja kwa shairi. Malumbano hayo yalikuwa makali, lakini yalikuwa na haki moja ambayo vikao vyetu vimeipoteza: mkosoaji naye aliweka beti zake mezani, akahesabiwa mizani yake mbele ya watu. Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi, wakikaribia mwisho, ya kuwaomba wajuzi wakiona kosa walirekebishe. Kwa hiyo dada yangu, kusahihishwa hakukuletwa na walimu wa shule wala kikao cha Jumamosi. Ni sehemu ya kazi hii tangu awali. Ukiweza, pendekeza siku moja kikaoni kwamba anayesema "hilo si shairi" aeleze hivyo kwa ubeti mmoja wa tarbia, yaani wa mishororo minne kama wako. Utaona watu watakavyokuwa wapole.

Maneno hayo "hilo si shairi" yanastahili aya yake, kwa kuwa utayasikia tena. Yana historia. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi waliosoma baada yake vina na mizani vikawa ndio ushairi wenyewe. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi uliozuka kati ya wanajadi na wanamapinduzi haujazimika hadi leo, ingawa shule zetu hufundisha aina zote mbili. Mzee wenu bila shaka ni wa upande wa kwanza. Mimi nasoma pande zote na kulala usingizi. Lakini wewe ulichagua tarbia: mishororo minne, vipande viwili, vina vya kati na vya mwisho. Ukishachagua bahari hiyo, yaani aina hiyo ya shairi, mzee ana haki ya kukupima kwayo, na si vizuri ukibanwa kwenye mizani ukimbilie kusema "langu ni shairi huru". Siku ukiandika shairi huru, liite hivyo kabla ya kulisoma, ili wasipoteze vidole vyao. Na usidhani hapo umeponyoka. Katika shairi huru kila neno la kujazia linaonekana, hakuna kina cha kulifunika.

Kuhusu Dholuo sina mengi. Swali la yule dada ni zuri ila si maoni juu ya ubeti huu. Wapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, hawakungoja kuruhusiwa na mtu. Ukitaka, tunga kwa lugha zote mbili, na usiyatafsiri ya huku kuwa ya kule.

Nirudi kwenye kikao? Rudi, lakini usirudi kama ulivyokwenda mara ya kwanza. Chukua beti mbili, zisizidi. Mtu hawezi kulisikiliza shairi la beti kumi na mbili kwa mara moja na kusema jambo la maana. Atashika ubeti wa kwanza na wa mwisho, na ya katikati atayabuni. Ziandike katika nakala kadhaa, kila mmoja awe na karatasi. Usizisome mwenyewe, mpe mmoja wao. Kabla hajaanza, uliza swali moja, na lisiwe "mnaonaje?" Swali hilo huzaa makofi au hotuba. Uliza: ulimi umekwama wapi? Au: baada ya beti hizi mbili, mnadhani msemaji ana furaha au hana? Jibu la swali kama hilo haliwezi kuwa hongera.

Wakati wanazungumza, andika na unyamaze. Najua ni vigumu, hasa mtu anapolitafsiri shairi lako kuwa la mapenzi na wewe uliandika habari za kodi ya kibanda. Hamu ya kusema "hapana, nilimaanisha..." itakushika kooni. Iandike hiyo pia pembeni mwa karatasi, maana mara nyingi kile ulichotaka kuwaeleza ndicho kilichokosekana katika shairi. Shairi likitoka nje ya kikao hutakuwepo kulieleza.

Wakimaliza, kusanya karatasi zao uende nazo nyumbani. Usifanye kitu siku hiyo. Baada ya siku kadhaa zitandaze mezani. Pale ambapo watu watatu wameweka alama kwenye neno lilelile, pana tatizo, hata kama kila mmoja ametoa sababu yake. Pale ambapo kila mtu ameweka alama mahali pake tofauti, huenda ni ladha tu, na ladha ya mwisho ni yako. Mambo ya hesabu na kamusi, yaani mizani, vina, tahajia, upatanisho wa ngeli, usiyajadili hata kidogo. Yahakikishe na uyarekebishe. Mtu akikwambia umetumia neno la bara na kwamba bila maneno ya pwani huwezi kuitwa malenga, mwache aendelee. Nimesoma mashairi mengi kutoka magharibi ya Kenya yaliyojazwa maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambayo mtunzi aliyaokota kwenye kamusi usiku huohuo, na kila neno la aina hiyo linajitangaza lenyewe.

Kuna jambo la adabu ambalo halisemwi sana. Katika vikao vyetu mwenye mvi huanza kusema, na akishasema, wengine hufuata njia yake kwa heshima. Hivyo unaweza kupata maoni kumi ambayo kwa kweli ni moja. Mwombe anayeongoza kikao kila mtu aandike alama zake kwanza, kimya, ndipo mazungumzo yaanze, na ikiwezekana aliye mdogo kuliko wote aanze. Wazee wengi hawakatai wakiombwa vizuri. Utagundua pia kwamba shairi la mwenyekiti haliguswi na mtu. Likifika mikononi mwako ulisome, usilikosoe mbele ya watu, ila weka alama zako kwa penseli kama ulivyofanyiwa, umrudishie karatasi. Huenda hajawahi kuzipata kwa miaka mingi, na anazihitaji kuliko wewe.

Na mzee wako wa mizani, usibishane naye kikaoni kwamba imezidi wala haikupungua. Mfuate baadaye, mwamkie, mwambie: "Mzee, nisaidie kuhesabu mshororo huu." Akifika tisa kwa vidole vyake mwenyewe, mtakuwa mmeyamaliza, na utakuwa umepata msomaji ambaye sikio lake ni zuri. Wenye masikio kama hayo si wengi.

Unauliza pia kama ubadilishe kila walichosema. Hapana. Lakini usibadilishe juu ya nakala ya zamani. Acha ubeti wa kwanza ulivyo, weka tarehe, andika mpya katika ukurasa mwingine. Kuna marekebisho ambayo hunyoosha kila kitu na kuondoa kile kilichowafanya watu wasikilize, na usipokuwa na nakala ya kwanza hutajua kilikuwa nini. Mimi, kwa mfano, ningelilinda lile neno "naizungusha". Nalisikia gurudumu ndani yake. Yeyote atakayekwambia ulitoe, mwulize mara mbili.

Limebaki la wizi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, shairi ni mali yako tangu ulipoliandika, na linalindwa katika uhai wako wote na miaka 50 baada ya kifo chako. Si lazima ulisajili, ingawa Bodi ya Hakimiliki, yaani KECOBO, husajili kazi kwa anayetaka, na cheti chake husaidia mkifika kugombana. Daftari lako lenye tarehe na watu waliokusikia ukisoma nao ni ushahidi. Kwa kweli wizi wa shairi zima la mtunzi asiyejulikana ni nadra; linalotokea mara nyingi ni mtu kuazima kibwagizo chako bila kusema, na hilo litakuudhi, kisha utaendelea kuandika. Jihadhari zaidi na kubandika mtandaoni. Mashindano mengi hutaka shairi ambalo halijatokea popote, na wapo wanaohesabu Facebook kuwa ni kuchapisha. Lile unalotaka kulipeleka mbali lisome kikaoni kwenye karatasi, usilisambaze kwenye simu. Na ukitaka kujaribu gazeti, Taifa Leo limekuwa likichapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, ila mhariri wa gazeti anachagua, hafundishi. Lisipotoka hutaambiwa ni kwa nini, kwa hiyo lipeleke baada ya vinywa vitatu vinne kulisoma bila kukwama.